Mama Thelathini na Nne Anapinga Ligi Kuunganishwa

Renae Sedlacek,
Jikoni, Shule ya Msingi Harlan Creek
(barua za nyumbani mume wangu huwashia jiko la karakana),
Harlan Creek, Nebraska.
3 Machi

Kwa Mheshimiwa Kamishna,
Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Vyuo vya Nyanda za Kati.

YAH: KUPINGA LIGI YETU KUUNGANISHWA NA LIGI YA MILIMA NA BAHARI

Mheshimiwa Kamishna,

Pokea salamu kutoka Harlan Creek, ambako theluji imeanza kuyeyuka na matope yamefika mlangoni. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi. Husika na kichwa cha habari hapo juu, kama Jolene alivyoniambia niandike, ingawa naona huhitaji kuambiwa uhusike, maana jambo lenyewe umelileta wewe.

Jolene Brandt ni jirani yangu na ni mama wa mchezaji namba kumi na mbili. Alisoma chuo miaka miwili. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, nikaingia kupika katika jiko la shule hiyohiyo, kwa hiyo naweza kusema sijawahi kuondoka shuleni. Jolene ndiye aliyenifundisha kwamba malalamiko rasmi huwekewa namba, ili mkubwa akijibu asiweze kuruka. Nimeweka namba. Ukiona zimeparaganyika, ujue nilikuwa naandika huku jicho moja lipo kwenye oveni.

Mimi ni mama yake Colby Sedlacek, mwaka wa tatu, jezi namba thelathini na nne, Chuo cha Harlan Creek. Huenda humfahamu. Usijisikie vibaya, hata mtangazaji wa ukumbi wetu humsahau. Colby hucheza dakika nne kwa mechi, tano kama tumeshapigwa vibaya. Nimewahi kuendesha gari kwa muda wa saa nne juu ya barafu nikamwona akivua koti la mazoezi, kisha akalivaa tena. Nilipiga makofi mara zote mbili.

Sasa chuo kimetuletea wazazi barua pamoja na ratiba ya awali ya msimu ujao. Inasema tarehe ishirini mwezi huu wakuu wa vyuo vyetu tisa watapiga kura ya kuungana na vyuo vinane vya Ligi ya Milima na Bahari, kwa sababu ya televisheni. Naomba kwa unyenyekevu kura hiyo isipigwe, au ikipigwa, wakatae. Sababu zangu ni hizi.

1. Jina na umbali.

Ligi yetu inaitwa ya Nyanda za Kati na ndivyo ilivyo. Ukisimama juu ya gari la Duane, mume wangu, siku isiyo na vumbi, unaona vyuo vitatu. Duane anasema viwili. Ligi mpya itaitwa Ligi ya Nyanda, Milima na Bahari. Hilo si jina la ligi, huo ni mtihani wa jiografia, na jiografia nilifeli. Kwa sasa chuo kilicho mbali kabisa ni mwendo wa saa nne. Kwenye ratiba mpya kipo chuo kilicho maili elfu moja na mia tano kutoka hapa, na picha waliyotuletea inaonyesha madirisha ya ukumbi wake yakitazama bahari. Sijui ni nani anayeweza kucheza mpira akitazama bahari. Colby akikaa benchi, na atakaa, atakuwa anahesabu mawimbi, na kocha akimwita hatasikia.

2. Mifuko.

Hili ndilo lenyewe. Kama una haraka soma hili uache mengine.

Miaka ishirini na sita iliyopita basi la timu ya wageni lilitoka hapa kwetu baada ya mechi likakwama kwenye theluji. Vijana kumi na watatu, kocha wao na dereva walikaa ndani kwa muda wa saa kumi na moja wakigawana pakiti moja ya biskuti za chumvi. Akina mama wa Harlan Creek waliona aibu, ingawa theluji hawakuinyesha wao. Wakaamua kwamba timu yoyote ikija hapa haiondoki bila chakula cha njiani. Majina ya wageni hawakuyajua, walijua namba za mgongoni tu, kwa hiyo kila mama akachukua namba ya mwanawe. Mama wa tano akampikia tano wa wageni, mama wa kumi na mbili akampikia kumi na mbili. Mwaka uliofuata vyuo vingine vikaiga, kwa sababu hakuna mama aliyetaka kushindwa. Leo vyuo vyote tisa vinafanya hivyo. Katika kanuni zako desturi hii haimo, nilimwomba Jolene atafute, akatafuta hadi kurasa za mwisho zinazohusu rangi ya soksi.

Kwa hiyo mechi ikiisha, mimi husimama kwenye mlango wa basi la wageni nikiwa na mfuko wa karatasi ulioandikwa 34 kwa kalamu nene. Ndani mna mikate miwili iliyojazwa nyama ya kusaga na kabichi, tufaha moja, na mkate wa mdalasini uliosokotwa. Kama timu haina thelathini na nne, mfuko anapewa dereva. Vyuo viwili havina, kwa hiyo kwa hesabu yangu nina watoto sita na madereva wawili. Hata sisi wenyewe tunaitana hivyo. Mimi ni Mama Thelathini na Nne, Jolene ni Mama Kumi na Mbili, na yupo Mama Sifuri ambaye mwanawe alimaliza chuo zamani, sasa ana kipara, lakini namba ile haikupata mtu, kwa hiyo mama anaendelea kuleta mfuko na sisi tunaendelea kumpisha.

Na Colby akienda ugenini, kuna mama kwenye mlango wa basi anayenifanyia vilevile. Huenda unafikiri nalilia chakula. Mtoto yule ana kilo tisini, akikosa mkate mmoja hafi. Tatizo ni kwamba Colby hasemi. Ni mtoto mwema, anamfulia bibi kizee wa jirani njia ya theluji bila kuombwa, namaanisha anaizoa, nimekosea neno na kalamu haifutiki. Lakini hasemi. Ukimuuliza mechi ilikuwaje anasema, "Poa." Ukimuuliza goti linaendeleaje anasema, "Lipo." Habari zake nazipata kwa akina mama wenzangu. Mechi za katikati ya wiki siwezi kwenda, nina watoto mia mbili na themanini wa kulisha, basi kesho yake simu inalia: "Mama Thelathini na Nne, wako kala mikate yote, tufaha kaacha. Anachechemea kidogo, mguu wa kushoto. Na nani kamnyoa vile?" Hivyo ndivyo ninavyomjua mwanangu.

Mwaka jana, Januari, baba yake Duane alifariki. Colby alikuja mazishini, akabeba jeneza na baba zake wadogo, akala, akaosha sahani, akarudi chuoni jioni ileile bila neno. Nikamwambia Duane, huyu mtoto karithi moyo wako wa chuma. Siku nne baadaye walikuwa na mechi Bellmont, na mimi nilikuwa kazini. Mama Thelathini na Nne wa kule ni Peg Ostrander. Peg ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Siku ile alinipigia kwa sauti ndogo sana, nikadhani simu imeharibika.

Akasema, "Renae, hakufungua mfuko. Wenzake wamepanda, yeye kakaa kwenye ngazi ya basi kaushika tu. Nikakaa naye. Nikamuuliza nani amefariki, maana nimeona watu wakishika vitu namna ile. Akasema babu. Akasema babu yake alimfundisha kurusha mpira ghalani, wakitumia ndoo iliyotobolewa kitako. Kalia kidogo. Dereva kataka kupiga honi nikamtazama, akaacha. Basi, nimeona ujue."

Mheshimiwa Kamishna, nimeishi na mtoto yule miaka ishirini na habari ya ndoo sikuijua. Hata Duane hakuijua, na ghala lile ni letu.

Sasa nakuuliza kwa heshima zote. Kule baharini, nani atakaa naye kwenye ngazi ya basi? Najua hata basi lenyewe halitakuwepo. Watapanda ndege, watalala hotelini, watapewa kadi ya kununulia chakula. Kadi haiwezi kunipigia simu. Nilimuuliza kocha, akanijibu vizuri tu, "Mama Colby, usihangaike, vyuo vya kule vina wataalamu wa lishe." Nikamuuliza huyo mtaalamu anavaa namba ngapi. Akasema ana kikao.

Na msimu ujao ni wa mwisho kwa Colby. Sijidanganyi, hakuna timu ya kulipwa inayotafuta mtu wa dakika nne. Akimaliza ataajiriwa mahali, atakuwa mtu mzima mwenye funguo nyingi, na kwenye mlango wa kazini hakuna mama anayesimama na mfuko. Nimebakiwa na msimu mmoja wa baridi wa kusikia habari za mwanangu, na wewe unataka nusu yake ichezewe kwa watu nisiowajua.

3. Kwamba najua uchungu wa kuhamwa.

Nisije nikaonekana napinga mambo ya kuhama kwa kuwa sijayapitia. Nimeyapitia. Chuo cha Orley walikuwa na kijana aitwaye Garrett Voss, thelathini na nne, mpole, anakula kila kitu hadi kiini cha tufaha. Nilimpikia miaka miwili. Mwaka wa tatu akatoka chumba cha kubadilishia nguo amevaa ishirini na moja. Akanijia mwenyewe, hilo nampongeza, akasema, "Mama Renae, usinichukie, ishirini na moja ina bahati." Nikamwambia vizuri mwanangu, Mungu akubariki. Mfuko nikampa dereva, ambaye alikuwa ameshakula.

Mechi ilipoisha, mama wa ishirini na moja wetu alinifuata hadi kwenye maegesho. Akaniambia, "Kamaliza vyote, hadi makombo kalamba," akiwa na uso wa mtu aliyeshinda shamba la jirani kwenye karata. Nililia njia nzima. Duane akasema, "Mke wangu, unamlilia mtoto wa watu kwa sababu kabadilisha fulana?" Nikasema ndiyo. Akaendesha kidogo, akasema, "Yule Garrett aliyekuwa anaaga kwa mkono?" Nikasema huyohuyo. Akasema, "Hata mimi nimeumia." Kwa hiyo mkisema vyuo kuhama ligi ni biashara tu na hakuna anayeumia, mjue mnaongea na nyumba iliyoachwa.

4. Hili nimelifuta. Lilimhusu mama yake Duane na jinsi anavyopanga watu mezani. Duane alisoma akasema, "Andika yote lakini mama yangu mtoe." Lilikuwa la kweli, lakini nimemtoa.

5. Saa.

Watu wa baharini wakianza mechi saa moja jioni kwao, hapa kwetu ni saa tatu usiku. Nitakaa macho hadi saa tano nikingoja dakika nne za Colby, ambazo kocha huziweka mwishoni kama mtu anayetoa taka. Saa kumi na moja alfajiri natakiwa niwe nimewasha oveni za shule. Mwaka juzi mechi moja iliongezwa muda mara tatu, na kesho yake niliweka chumvi mahali pa sukari katika mikate ya mdalasini mia mbili na themanini. Watoto wa darasa la kwanza walikula kimya kwa sababu wananiogopa. Mkuu wa shule akauma mmoja, akautua polepole, akaniuliza, "Renae, jana Colby alicheza?" Nikasema dakika mbili. Akasema, "Basi pole," akaumaliza. Si kila mkuu wa shule ana utu wa namna hiyo, na mimi kazi hii naihitaji. Naomba uwafikirie watoto wale.

6. Kwamba nilijaribu mpango wenu nyumbani kwangu ukaleta maafa.

Barua ya chuo nimeisoma mara tatu ili nielewe kwa nini tuungane na watu tusiowajua. Inasema "watazamaji wapya," inasema "nguvu ya soko," inasema "kulinda mustakabali wetu." Sikuelewa. Mimi kitu nisichokielewa hukipeleka jikoni, kwa hiyo nikakijaribu kwa njia ya kwangu.

Sikukuu ya Shukrani huwa tunakula na ukoo wa Duane, watu kumi na tisa. Dada yake, Charlene, huleta jeli ya kijani iliyochanganywa na karoti, na mume wa Charlene hueleza habari za mahindi yake hadi bata mzinga apoe. Ukoo ule hauna watazamaji. Basi nikafuata mfano wako. Nikawaandikia kwamba kuanzia Novemba nyumba yetu inajiondoa na kuhamia ukoo wa Brandt, wenye meza ndefu zaidi na televisheni kubwa, na kwamba tunawashukuru kwa miaka mingi ya ushirikiano. Sentensi hiyo ya mwisho niliitoa kwenye barua yenu.

Charlene alipiga simu akilia. Akasema, "Wifi, tumekukosea nini? Kama ni jeli sema." Nikamwambia si jeli, tunalinda mustakabali wetu. Akasema, "Mustakabali gani unaotaka umkimbie Charlene?" Nikatafuta jibu kwenye barua yenu, halimo. Jolene naye akaniambia hana viti, tena hakujua kama tumeungana. Duane alitoka akaenda karakana akalala kwenye kiti cha trekta. Kwa siku sita sikuwa na ukoo wowote, Mheshimiwa. Mwishowe nilimrudia Charlene nikaomba radhi, akanipokea kwa sharti kwamba nile jeli sahani mbili mbele ya watu wote. Nimelieleza hili kwa aibu ili uone: nilikuwa na ligi moja ndogo yenye mchezaji mmoja anayechosha, nikataka kubwa, nikabaki na sahani mbili za karoti.

7. Masharti, iwapo mtaunganisha kwa nguvu.

Mimi si mtu wa kukataa tu. Nikikataa huwa natoa njia nyingine, muulize Duane, anazo njia zangu nyingi ambazo hajazitumia.

Kwanza, kila chuo kinachotaka kuingia kifanyiwe mtihani na akina mama. Tusiulize ukumbi una viti vingapi. Tuulize swali moja tu, wageni wakimaliza mechi nani anasimama mlangoni, na jina lake nani. Chuo kikijibu "ofisi ya uhusiano," kirudishwe nyumbani kikafikiri.

Pili, kama hakuna mama wa kule, basi ndege ya timu initengee viti viwili, kimoja changu na kingine cha kasha la barafu. Nimeshauliza kwa simu kampuni moja ya ndege kama mikate thelathini na minne iliyojazwa nyama inaruhusiwa mkononi. Binti wa simu akaniuliza kama niko salama. Nikasema niko salama, ninauliza tu. Ukiingilia kati wewe nadhani watakuelewa.

Tatu, ikishindikana mimi, nenda wewe. Wewe ndiye kamishna, mechi zote unaingia bure. Simama kwenye mlango wa basi, au wa ndege, popote anapopitia, mpe mfuko, mtazame vizuri, kisha unipigie kesho yake asubuhi kabla ya saa nne, maana saa nne natoa chakula. Sema tu kala au hakula, anachechemea au hachechemei, kanyamaza kwa uchovu au kanyamaza kwa jambo jingine. Hilo la mwisho ndilo gumu na utakosea mara za kwanza. Peg Ostrander anaifanya kazi hiyo na ana ng'ombe sitini.

Colby hajui kwamba naandika. Akijua atasema, "Mama, mimi si kifurushi cha posta." Najua si kifurushi. Kifurushi kikitumwa mbali, aliyekituma hupewa risiti.

Nimemaliza, na oveni inanukia. Samahani kwa doa la siagi ukurasa wa pili, nilitaka kunakili upya lakini mwandiko wangu wa mara ya pili huwa mbaya kuliko wa kwanza. Nisalimie mkeo kama unaye, na karani anayefungua barua hizi, naye nampa pole kwa urefu. Nisalimie wakuu wote wa vyuo, hata yule wa kwetu aliyeleta ratiba ile, mwambie bado namsalimia kanisani ila kwa kichwa tu. Kama mama yako bado yupo hai, msalimie kuliko wote, na umpigie.

Ni mimi ninayekupinga kwa adabu zote,

Renae Sedlacek
(Mama Thelathini na Nne, Harlan Creek)

Nakala: Wakuu wa vyuo tisa, Peg Ostrander (Bellmont), Jolene Brandt (kwa masahihisho), na Charlene, asome namba sita aone kwamba kosa nimelibeba mwenyewe.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa imeshafungwa na stempu ipo. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, ndiyo maana imekunjamana.

Jana mchana nilikuwa naosha masufuria, simu ya jiko la shule ikalia. Sauti ya mwanamke nisiyemjua, akasema, "Samahani dada, wewe ndiye mama yake Sedlacek?" Nikamuuliza kaumia wapi. Akasema, "Hapana, hapana, hakuna aliyeumia, pole, ningeanza na jina." Anaitwa Lourdes Macaraeg. Mwanawe Emerson anacheza katika chuo kile cha madirisha ya bahari. Wao pia wameletewa ratiba ya awali, akatazama picha za timu yetu kwenye mtandao, akaona wanetu wanavaa namba ileile. Akamsumbua kocha wao hadi akapata kocha wetu, hadi akanipata mimi.

Akasema, "Wakija Januari, mwanao siwezi kumwacha aende kula hotelini kama mtu asiye na watu. Nimemwona pichani, macho yake ya kunyamaza. Nikasema nimuulize mama yake anakula nini."

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu mifuko. Hajui kama duniani kuna mifuko. Kaliwaza mwenyewe, akiwa amesimama jikoni kwake, maili elfu moja na mia tano kutoka hapa.

Tulizungumza saa nzima na dakika arobaini, masufuria yakakauka yenyewe. Nikamweleza chakula chetu cha baridi, maharage ya nyama yanayoliwa pamoja na mkate wa mdalasini. Akasema kwa upole, "Kwenye sahani moja, dada?" Emerson wake hucheza dakika tatu. Akiulizwa jambo hupandisha bega, na akiwa na huzuni huosha gari la baba yake hata kama ni safi. Nikamwambia wangu akiwa na huzuni hushika kitu bila kukifungua. Akasema ngoja, nikamsikia akitafuta kalamu, akaniomba nirudie polepole.

Kwa hiyo Mheshimiwa, namba moja hadi saba zihesabu kama hazikuandikwa, pamoja na ile niliyoifuta. Nimeangalia tena ramani na si mbali kama nilivyosema. Naomba wakuu wa vyuo wasingoje tarehe ishirini, wapige kura wiki hii, na wakubali wote tisa. Ratiba inasema Emerson anakuja hapa Februari. Maziwa na siagi vinamdhuru. Nimejaribu mkate wa mdalasini bila vyote viwili, leo mara mbili, na bado haujawa mkate.